Mifupa Juu ya Tembe

Miyuji, Ijumaa adhuhuri, mwezi wa kumi.

Upepo tangu alfajiri. Ni ule mkavu wa kiangazi, unaokausha matope ya ukuta mpaka yanabanduka, na vumbi lake linaingia hata kwenye kidau cha wino. Mbuzi wamejibanza nyuma ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo. Mimi nimejibanza kibandani, mahali ninapofanyia useremala, na gitaa la Mgiriki limelala mezani mbele yangu.

Hali yangu? Sina hali.

Kesho alfajiri mama mkwe wangu anarudi kwao Mvumi, na anaondoka na mwanangu Tabita. Anakwenda kumlea huko. Mimi mwenyewe nimekubali. Nilikubali Jumanne, nikiwa nachonga mguu wa kiti. Niliulizwa, nikasema sawa, nikaendelea kuchonga, na mguu wa kiti ukatoka vizuri.

Sikuumia. Nimengoja tangu Jumanne niumie, na leo ni Ijumaa.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandikia misheni. Kigogo ni cha nyumbani, ni cha kusemea na watu na ng'ombe. Kwa Kigogo nisingeweza kuandika kwamba mke wangu amekufa, maana kila neno lina sauti ya mtu ninayemjua. Kwa Kiswahili naweza. Damari amekufa. Unaona, shajara? Mkono hautetemeki.

Alikufa mwezi wa saba, wakati wa baridi, kwa homa tuliyodhani ni ile ya siku zote. Asubuhi aliniambia nisisahau kumfunga ndama. Jioni alikuwa hanijui. Wahenga wanasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mimi sikuanza. Watu walikuja wakajaa uani, wakanitazama, wakangoja. Mwishowe shangazi zake wakaanza wenyewe, kwa aibu kidogo, kama wageni wanaokula kabla mwenye nyumba hajanawa.

Tangu siku hiyo watu wananisema. Wengine wanasema seremala ana moyo wa mpingo. Mwalimu wa kanisa anasema ni imani. Wote wamenipa sifa nisiyostahili. Sina moyo mgumu na wala sina imani ya pekee. Nina ganzi tu, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila mguu ukiutikisa unarudi.

Mama mkwe alikuja kwa msiba, akabaki. Ametusagia, ametupikia, amemwogesha mtoto. Na miezi yote hiyo sijamtazama usoni hata mara moja. Anayesoma haya na si mtu wa kwetu ataona ni uadui, kumbe ndiyo heshima yenyewe. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake, hali chakula naye, hasemi naye ana kwa ana, wala hawaitani majina. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Sasa fikiria watu wa namna hiyo wawili kwenye tembe moja. Akitoka uani, mimi naingia. Nikikohoa, yeye anageukia ukutani.

Kwa hiyo kila neno letu linapitia kwa Tabita. Ana miaka sita au saba, na kazi ya ujumbe ameipenda. Baba, bibi anasema maji yamekwisha. Bibi, baba anasema mbuzi mmoja anachechemea. Anakimbia huku na huku na habari zake mpaka miguu imejaa vumbi. Asipokuwepo, mama mkwe anamwambia ndama. "Ndama, mwambie mwenye nyumba uji unapoa." Nami namjibu ndama kwamba nimesikia. Ndama wetu amejua mambo mengi ya nyumba hii kuliko mwalimu wa kanisa.

Jumanne Tabita alisimama mlangoni pa kibanda kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja anajikuna.

"Baba, bibi anasema nikuulize, mimi nikakae kwake Mvumi? Anasema huku hakuna mama."

"Mwambie sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, utakwenda."

Akasimama kidogo. Kisha akaondoka mbio kupeleka jibu.

Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna zaidi.

Ngoja niandike juu ya gitaa, maana hilo naliweza.

Ni la Mgiriki mwenye kantini karibu na stesheni, yule anayewauzia mkate na sardini wasafiri wa gari la moshi. Alikuja na wajenzi wa reli. Reli ikaendelea kwenda bara, yeye akabaki Dodoma, hata mwenyewe hajui kwa nini. Gitaa alilitoa kwao, mahali anaposema hewa ina chumvi na unyevu, likaja kukutana na kiangazi cha Ugogo. Mbao zikajikunja, gundi ikalegea, na vile vidaraja viwili vikapasuka.

Vidaraja ndivyo ninavyoviita mimi. Kimoja kinakaa juu, mahali shingo inapokutana na kichwa, nacho kina mifereji sita, kila uzi na mfereji wake. Kingine kiko chini, juu ya tumbo la gitaa, kinabeba uzito wa nyuzi zote. Kati ya hivyo viwili uzi uko hewani, haugusi kitu. Kwa hiyo ukiugusa kwa kidole, kila kitu chake hupita kwenye vidaraja kwenda kwenye mbao. Ni vitu vidogo, vyote viwili vinaenea kwenye kiganja cha Tabita. Lakini ukikosea hapo, tumbo lote zuri la msonobari halikusaidii.

Vya zamani vilikuwa vya pembe ya ndovu. Mgiriki alitaka pembe tena. Nikamwambia pembe ziko Boma la serikali, ruhusa iko Boma, na mimi sina shughuli Boma. Seremala mweusi akikutwa na kipande cha pembe mfukoni, hata kiwe kidogo kama jino, atakieleza akiwa amelala kifudifudi na kiboko kiko juu yake. Mgiriki alicheka, akasema basi nitafute kitu kingine.

Nikajaribu mpingo. Mpingo ni mti wa heshima, unang'aa na haupasuki ovyo, ila sauti yake ni ya mtu anayesema amefunika mdomo. Nikajaribu pembe ya ng'ombe. Hiyo ni tamu kuchonga, unaipasha moto inalainika, unaibana inanyooka. Lakini ni laini mno, uzi wenye waya unaitafuna, na baada ya siku chache mfereji umekuwa shimo. Zeze la babu yangu lilikuwa na kijiti tu cha mti chini ya uzi na likaimba mpaka babu akazeeka, ila zeze halikuwa limevutwa kwa nguvu kiasi hiki.

Mwisho wa yote ni mfupa. Mfupa wa muundi wa ng'ombe, ule mnene usio na matundu mengi. Watu wanadhani mfupa ni mfupa. Unauchemsha kidogo tu, uboho utoke, maana ukiuchemsha kama wa supu unageuka chaki. Kisha unaulaza kwenye maji ya majivu muda mrefu, yavute mafuta yaliyojificha ndani. Kisha unaukausha polepole, kivulini, bila haraka. Vipande vyangu niliviweka juu ya paa la tembe mwezi wa nane, nikavifunika ungo, upepo ufanye kazi bila jua. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kufanya kitu. Unaweka, unangoja.

Juzi nilivishusha. Vilikuwa vimebadilika rangi, vina umanjano wa pembe ya ndovu kabisa, na vinateleza mkononi. Sikuutarajia uzuri ule. Nikafurahi, au nikafanya yale anayofanya mtu akifurahi: nikavigeuzageuza juani, nikapiga mluzi. Nikawaza hata kuvipaka vumbi kidogo nikivipeleka mjini, askari asije akauliza tembo yuko wapi.

Nikachonga. Jana nikafunga nyuzi. Leo asubuhi nikapiga.

Sauti ilitoka ikaanguka hapohapo, kama jiwe kwenye unga.

Nikakaza nyuzi, nikalegeza. Nikapiga uzi mmoja mmoja, sikio nimelilaza juu ya mbao. Vidaraja vimekaa vizuri, mifereji ni safi, gundi imeshika. Hakuna kosa ninaloliona, na gitaa ni kama limezikwa.

Kisha nikawaza jambo ambalo naliandika hapa kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Niliwaza kwamba gitaa ni zima, na mgonjwa ni mimi. Tangu mwezi wa saba ugali hauna ladha, jogoo anawika mbali ingawa namwona yuko karibu, kengele ya kanisa inalia kama imefungwa kitambaa. Kwa nini gitaa liwe tofauti? Huenda Mgiriki akilipiga litalia vizuri tu, nitamwona anatabasamu, na mimi nitasimama pale nisisikie.

Nimekaa na wazo hilo asubuhi nzima. Halikuniogopesha. Nilitamani liniogopeshe.

Nasikia punda wa Mgiriki. Naweka kalamu.

Ijumaa ileile, jua likishuka.

Nimerudi. Upepo umetulia kidogo. Nitaandika yote kwa mpangilio, la sivyo nitayaacha yaliyo muhimu.

Mgiriki aliingia, akaketi kwenye benchi langu, akalipakata gitaa namna mtu anavyompakata mtoto wa ndugu yake. Akapiga mara moja. Akasimamisha nyuzi kwa kiganja. Akapiga tena.

"Fundi," akasema, "huyu amelala."

Akagonga kidaraja cha chini kwa ukucha.

"Mfupa hii?"

"Mfupa."

"Mfupa hapana lala hivi. Mfupa inalia." Akanitazama. "Wewe unasikia?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Kama ulivyosema. Amelala."

Basi masikio yangu ni mazima. Sikushukuru wala sikucheka, ila nilikaa chini juu ya vumbi la mbao, na Mgiriki akadhani nimehuzunika kwa ajili ya gitaa lake. Akaniambia hana haraka. Akasema pole kwa mke, akasema na yeye alikuwa na mke, kisha akapanda punda wake akaondoka.

Nililegeza nyuzi, nikachomoa kidaraja cha chini, nikaanza kukisugua juu ya jiwe labda nione kitu. Mfupa ukisuguliwa hupata moto. Moto ukaleta harufu.

Samli.

Si uboho. Uboho naujua, ungenuka vingine. Ilikuwa samli ya kibuyu, yenye moshi kidogo, ile tuliyopakwa utotoni. Nikakata kipande kingine ambacho sijakitumia, nikakinusa ndani. Samli imeingia mpaka kiini. Ule umanjano wote niliousifia juani ulikuwa mafuta. Mfupa ulioshiba mafuta haupitishi sauti, unaimeza.

Kibuyu cha samli cha Damari kiko tupu tangu mwezi wa saba. Nyumbani humu kibuyu chenye samli ni kimoja, nacho kilitoka Mvumi.

Sikuhitaji kufikiri sana. Kwetu kitu kikikauka hupakwa samli. Ngozi, kibuyu, mpini, kigoda, miguu ya watoto kiangazi, vyote. Asiyepaka ni mvivu au hana ng'ombe. Mama mkwe hupanda juu ya paa kuanika majani ya mlenda. Atakuwa aliona vipande vya mfupa vimehifadhiwa vizuri chini ya ungo, vinazidi kuwa vyeupe na vikavu, akadhani mimi nimevisahau kwa ajili ya msiba na vitapasuka. Mtu baki angeniuliza. Yeye hawezi kuniuliza.

Nikamwita Tabita.

"Mwambie bibi ile mifupa asiipake samli. Mwambie kwa upole. Mwambie hakuharibu kitu."

Alikwenda mbio. Kurudi alikuja polepole, midomo inatembea, anayashika maneno yasidondoke.

"Bibi anasema alidhani ni kazi yako ya thamani, na upepo unaiharibu. Anasema alikuwa anapaka kila jioni." Akatazama juu, akitafuta yaliyobaki. "Anasema mdomo wa kukupa pole hana, kwa sababu ya ukwe. Samli anayo."

Nilishika ukingo wa meza. Sitasema nililia, kwa kuwa sikulia. Nilishika tu ukingo wa meza.

Naye Tabita, kwa sauti ileile ya kupeleka habari, akaongeza: "Na anasema nguo zangu ameshazifunga. Anauliza chakula cha njiani atatwaa unga wa huku, au wa huku ubaki?"

Akasimama anangoja jibu. Ndipo nikamtazama. Simaanishi kwamba sikuwahi kumwona. Nilikuwa namwona kila siku, na mbuzi pia nilikuwa nawaona. Alikuwa na pengo mbele.

"Jino lako liling'oka lini?"

"Zamani."

"Nani alilitupa?"

"Bibi. Alilitupa juu ya paa, nikaomba jipya."

Kulitupa jino la kwanza la mtoto juu ya paa ni kazi ya baba au mama. Hakuniletea.

Mjumbe hauawi, wahenga wamesema. Hawakusema lolote juu ya mjumbe mtoto anayebeba habari ya kutolewa kwake mwenyewe, toka kwa bibi mpaka kwa baba na kurudi, na kila mmoja anamwambia kimbia. Jumanne alikuja na swali, nami nikampa jibu akalibebe. Sikumpa hata kigoda akae.

Nikamwambia abaki kibandani, asinifuate.

Nikaenda mwenyewe. Nikauzunguka ukuta wa tembe mpaka upande wa jikoni, nikasimama nje na mgongo nimeupa ukuta, nisimwone. Ndani jiwe la kusagia lilikuwa linakwenda. Nilipokohoa likasimama.

"Mbukwenyi, mkwe," nikasema.

Hiyo ni salamu tu, tunamwamkia nayo kila mkubwa. Lakini mimi kumwamkia yeye kwa mdomo wangu, hakuna mtu karibu, ni jambo ambalo baba yangu angenitoza mbuzi. Hakuitika. Nikaendelea, kwani nikinyamaza nitaondoka.

"Mtoto asiende."

Nilimsikia anakung'uta unga mikononi. Ndama alikuwa amefungwa palepale karibu na mlango, na nilijua atasemeshwa yeye.

"Ndama," akaanza, "mwambie..." Akaacha. Kisha akasema, "Elieza."

Hakuwahi kunitaja jina.

"Unadhani namchukua kwa kuwa hana mama?"

"Ndivyo mtoto alivyosema."

"Ndivyo nilivyomtuma aseme. Ningemtumaje aseme jambo lenyewe?" Sauti yake ni ya Damari, ila imechoka zaidi. Sikuwa nalijua hilo, maana akisema na ndama huibadilisha. "Kila asubuhi mtoto huyu anakuja mlangoni pa kibanda chako, anapiga magoti, anakuamkia. Mimi niko hapa kwenye jiwe, nasikia. Huitikii."

Nilitaka kukataa. Nikatafuta asubuhi moja, moja tu, niliyomwona amepiga magoti mlangoni. Nikapata randa, nikapata mfupa, nikapata vumbi la mbao. Mtoto sikumpata.

"Siku nyingine anarudia mara mbili," akasema. "Kisha anakuja kwangu ananiambia: bibi, baba ameitika. Baba hajambo, ameniuliza nimelalaje. Mimi nimesikia kila kitu kwa masikio yangu, naye ananiletea salamu ambazo hukumtuma."

Jua lilikuwa limenipiga usoni. Nikasema kweli, kwa kuwa sikuwa na kingine.

"Sikumsikia, mkwe."

"Najua. Ningedhani umemsikia ukanyamaza, ningekuwa nimeshamchukua siku nyingi."

Ndama akalamba mkono wangu, labda alichoka kutosemeshwa. Nikauliza nifanye nini. Ukiacha yale ya jino la Tabita, nadhani ni swali la kwanza nililomuuliza mtu tangu msiba.

"Kesho hatutaondoka alfajiri," akasema. "Jua litatoka kwanza. Atakuja kukuamkia, ndiyo kawaida yake, sitamwambia neno. Nami nitakuwa hapa kwenye jiwe. Nikikusikia umeitika, naondoka peke yangu. Nisipokusikia, usinifuate njiani na maneno."

Kisha jiwe likaanza tena, na nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Nilimkuta Tabita ameketi juu ya benchi, anapitisha kidole kwenye gitaa lililolegezwa nyuzi.

"Nimwambie nini bibi?"

"Usimwambie kitu. Nimeshamwambia."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akanitazama kwa shaka, kama mtu aliyenyang'anywa kazi. Kisha akauliza kama bibi alikuwa amegeukia ukutani au la. Nikasema sijui, mimi ndiye niliyegeuka. Hilo likamchekesha, na pengo lake likaonekana lote. Nikalitazama. Nilijua ni jambo la kupendeza, kama mtu anavyojua kwamba maji ni baridi kwa kuambiwa.

Kwa hiyo usidhani, shajara, kwamba nimepona. Vipande vya mfupa nimevirudisha kwenye maji ya majivu, na sijui kama mafuta yaliyoingia kiasi kile hutoka. Mgiriki atangoja. Huenda nitafute muundi mwingine nianze upya. Sina huzuni juu ya hilo wala sina hamu.

Ila tangu nilipotoka kwenye ukuta wa jikoni nina jambo ambalo jana sikuwa nalo. Nimekaa nalichunguza kwa muda, nikitafuta jina lake, na jina lake ni woga. Naogopa kesho. Nimekuwa kibandani hapahapa asubuhi zote hizo, na masikio yangu mazima, na sikumsikia. Kitu gani kitanifanya nimsikie kesho? Ahadi? Hata Jumanne aliyesema sawa alikuwa ni mimi, mwenye akili zangu zote.

Nimejaribu kuitika, peke yangu, Tabita alipokwenda kwa mbuzi. Sauti ilitoka. Ni ndogo, lakini kutoka hapa mpaka kwenye jiwe inafika.

Kabla giza halijaingia nitakigeuza kigoda changu. Miezi yote hii kimeelekea mezani, na mlango uko mgongoni kwangu. Kesho kitaelekea mlangoni, na mikononi sitashika kitu. Akija akapiga magoti, hata nisipomsikia, nitamwona midomo inatembea, nami nitaitika.